Ngumi Moja kwa Kila Sahani

Baba mkubwa Hezekia alikuwa na mikono mikubwa kupita mwili wake. Ujanani alipasua mawe ya misingi, na nyumba nyingi za Iguguno, zile za upande wa juu wa barabara, zimekaa juu ya mawe aliyoyapasua yeye. Akikupa mkono, kiganja chako kilipotea ndani ya chake. Nautaja mkono huo mapema kwa sababu ugonjwa wake, tangu siku ulipopewa jina mpaka siku tulipomzika, ulipimwa nao.

Walizaliwa wavulana watatu: Hezekia, Zefania, na wa mwisho Alute, ambaye ni baba yangu. Walijenga nyumba zao kuzunguka uwanja mmoja. Jioni kila mke alipika jikoni kwake, kisha akapeleka sahani yake uwanjani kwa wanaume. Mama mkubwa Dorika, mke wa Hezekia, alileta ugali wa uwele na mlenda. Mama Rahel, mke wa Zefania, alileta wa mtama. Mama yangu, Yasinta, alisonga sembe nyeupe, kwa sababu alikulia karibu na mashine ya kukoboa na hakuona kwa nini mtu ale ugali mweusi.

Wanaume hawakula kila mmoja cha mkewe. Walikula sahani zote, moja baada ya nyingine, wakizizunguka pamoja. Na mtu hakuonja tu. Kumega tonge moja halafu kunawa ni kumwambia mpishi kwamba unaushuku mkono wake, na kwetu hilo ni neno la kuvunja nyumba. Ukigusa sahani, unakula. Ukiipita bila kuigusa, ni vibaya zaidi.

Kisha Zefania akafa. Alianguka kutoka juu ya lori la magunia ya alizeti, mchana, mbele ya watu, na hakuamka. Matanga yalipokwisha, ndugu wa ukoo walianza kusema kwa sauti ya chini kwamba Rahel bado ana nguvu, kwao si mbali, na shamba la Zefania haliwezi kulimwa na mwanamke mwenye binti mmoja tu.

Jioni ya kwanza baada ya wageni kuondoka, Dorika alipeleka sahani yake, na mama yangu yake. Rahel naye akatoka. Alisimama ukingoni mwa uwanja ameshika sahani kwa mikono miwili, asijue aiweke mbele ya nani. Ndugu wawili watatu wa ukoo walikuwa bado wapo, wanamtazama. Baba yangu aliinamisha kichwa.

Hezekia alinawa. Alinyoosha mkono, akaipokea sahani ya Rahel, akaiweka mbele yake na kuanza nayo kabla ya zile nyingine. Alipomaliza aligeuka kwa wale ndugu.

"Mwanamke anayeleta chakula uwanjani ana nyumba," alisema. "Na mwenye nyumba ana shamba. Karibuni mle."

Hawakula. Lakini suala la shamba halikutajwa tena mbele yake, na kuanzia siku ile sahani ya Rahel ndiyo iliyotangulia kila jioni. Binti yake, Esta, alisoma kwa alizeti ya shamba lile. Watu wote walijua kwamba uzio wa shamba la Rahel ulikuwa mkono wa shemeji yake. Ukiondoka mkono ule kwenye sahani, uzio umelala.

Miaka ilipita. Watoto tulitawanyika: mimi nilienda chuo cha ualimu, wana wa Hezekia wakaenda Kahama na Dodoma kutafuta maisha. Baba mkubwa alianza kukonda huku anakula vizuri. Alikunywa maji kama ng'ombe aliyetoka machungani. Mkanda wake uliongezwa tundu, kisha tundu lingine, mpaka Dorika akasema hatatoboa tena, waende wakapime.

Nesi wa kituo cha afya aliitwa Saada, binti wa mjini Singida, mwenye sauti ya upole na macho ambayo hayakubali uongo.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Unanichoma sindano halafu unaniamkia?"

Saada alicheka, akasoma kile kipimo kidogo, akaacha kucheka. "Baba, sukari yako iko juu sana."

"Sukari gani? Kwangu kilo moja inamaliza mwezi. Muulize huyu mke wangu."

"Sio ya kwenye chai tu. Ugali, wali, viazi, mihogo, uji, hivyo vyote ni wanga, na wanga ukifika mwilini unageuka sukari. Zamani mwili wako uliimudu. Sasa unashindwa."

"Basi nisile ugali?" Aliuliza kama mtu anayeuliza kama bado ni raia.

"Utakula. Hatukukatazi, tunakupimia. Vitabu vinataja gramu, arobaini na tano mpaka sitini za wanga kwa mlo mmoja, lakini mzani wa jikoni utautoa wapi? Mzani wako ni mkono. Ugali kama ngumi yako, basi. Nusu ya sahani iwe mboga za majani, na pembeni maharage au kipande cha kuku. Na ukila ugali, usiongeze kiazi juu yake."

Hezekia alikunja ngumi na kuiweka mezani. Saada aliitazama.

"Hiyo ni ngumi ya familia nzima, baba. Ipunguze kidogo."

"Na ugali wa uwele je?" Dorika aliuliza. "Watu wanasema hauna sukari."

"Una faida zake, mama, unashiba mapema. Lakini nao ni wanga. Ngumi ni ileile."

Walirudi nyumbani wameridhika. Njia nzima Hezekia aliikunja na kuikunjua ngumi yake, na kila aliyemuuliza habari za huko alimwonyesha. "Nimepewa hii," alisema. "Kumbe dawa ninayo mwenyewe."

Jioni ile, sahani ya Rahel ilipokuja, alinawa, akashindilia ngumi juu ya ugali wa mtama mpaka likabaki shimo. Alimega ugali wa kulijaza shimo lile, akaula taratibu, akaishia hapo. Kisha akaivuta sahani ya Dorika.

"Kaka," baba yangu alisema, "huo ugali umekukosea nini mpaka unaupiga?"

"Napima, mjinga wewe. Hospitali wameniambia ngumi moja."

"Kwa ngumi hiyo mimi ningelala na njaa?"

"Wewe hata kidole gumba kinakutosha. Kazi yako kukaa."

Walicheka. Akapiga ngumi kwenye uwele, akala, akaacha. Akapiga ngumi kwenye sembe ya mama yangu, akala, akaacha, akanawa. Alikuwa amekula pungufu kuliko siku zote, na tumbo lilimwambia hivyo. Dorika aliyaona yale mashimo matatu wakati wa kukusanya vyombo, akafurahi kwamba mumewe anafuata masharti. Kila sahani ilirudi na shimo lake. Sisi tuliokuja likizo tuliyaona pia, na hakuna aliyeona jambo. Hapa kwetu chakula huhesabiwa kwa sahani. Ukiambiwa ule kidogo, unakula kidogo kwenye kila sahani. Hakuna namna nyingine ya kulielewa neno hilo ukiwa umezaliwa kwenye uwanja ule.

Sukari haikushuka. Saada aliongeza dawa. Haikushuka. Mwezi hadi mwezi, sauti yake ilianza kupoteza upole.

"Baba, unakula unavyotaka."

"Binti, mimi ni mzee wa kanisa. Nimekwambia ngumi moja."

"Kipimo kinasema vingine."

"Basi kipime hicho kipimo."

Alitoka amekasirika, na safari iliyofuata hakwenda. Wala iliyofuata hiyo. Alisema hawezi kwenda kuitwa mwongo na mtoto wa juzi. Aliendelea na ngumi zake, kwa uaminifu ambao sijauona kwa mgonjwa mwingine, na aliendelea kukonda.

Wakati wa kuvuna alizeti alikanyaga kisiki cha bua kilichobaki ardhini. Hakuhisi. Dorika ndiye aliyeona damu kwenye kandambili, akamwosha, akafunga kwa kitambaa. Kidonda kilikaa. Kikaanza kunuka. Hapo Dorika hakuomba ruhusa. Aliita bajaji, akamwambia mumewe apande au abebwe.

Saada alifungua kitambaa, akakitazama kidonda bila kusema. Kisha alivuta kiti akakaa mbele ya Hezekia, magoti kwa magoti.

"Baba, leo sikugombezi. Nieleze mlo wa jana jioni. Anza ulipokaa."

"Nilikaa. Nikanawa. Ikaja sahani ya Rahel, nikala ngumi moja."

"Vizuri."

"Ikaja ya Dorika, ngumi moja."

Saada alinyanyua macho.

"Ikaja ya Yasinta. Ngumi moja. Nikanawa. Muulize mke wangu kama nimezidisha hata punje."

Nje mtoto alikuwa analia, anasubiri sindano.

"Baba yangu," Saada alisema, na sauti yake ilikuwa imebadilika, "ngumi moja ni ya mlo mzima. Sio ya kila sahani."

Dorika ndiye aliyenisimulia haya. Alisema mumewe alikitazama kiganja chake, akakigeuza, kama mtu aliyekabidhiwa kitu akagundua si chake. Na yule binti alifunika uso kwa mikono akasema, "Sikukuuliza. Miezi yote hii sikukuuliza unakula vipi." Hezekia akamwambia, "Usilie, binti. Na mimi sikukwambia. Nani angefikiria kwamba kuna watu wanakula sahani moja?"

Njiani, ndani ya bajaji, Dorika aliwaza kwa wote wawili. Sahani ya mama yangu ilikuwa na mwenyewe, Alute yupo. Zilibaki mbili. Kugawa ngumi moja vipande viwili kungekuwa kuonja, na kuonja kungesemwa. Alisubiri mpaka wakashuka na bajaji ikaondoka.

"Kula wa Rahel," alisema.

"Wewe ndiye mke wangu."

"Ndiyo maana. Mke wako hahitaji ushahidi. Yeye anauhitaji."

Hezekia alisimama pale kwenye vumbi, mguu mmoja hewani, ameshika bega la mkewe. Hakubisha. Nadhani alikuwa ameshafikia wazo lilelile kabla yake, akashindwa kulisema.

Kwa hiyo Dorika, aliyempikia mume yule tangu ujana wao, akaendelea kupika ugali ambao mumewe hakuugusa. Aliupeleka uwanjani, baba yangu na wageni wakaula. Alimtengenezea mumewe mboga tu: mlenda, majani ya kunde, mara mojamoja kuku. Aliniambia kwamba mwanzoni mkono wake ulikuwa unashika mwiko, unasimama wenyewe katikati ya chungu.

Na sukari ikaanza kushuka. Hilo ndilo linaloniumiza mpaka leo. Saada alipiga simu mwenyewe kumpongeza.

Lakini kijiji hakikuwepo pale bajaji ilipoondoka. Kijiji kiliona tu kwamba Hezekia haugusi tena ugali wa mkewe, anakula wa mjane peke yake. Mama yangu ana ulimi mwepesi, na alikuwa ameumia kwa sahani yake kurukwa. Siku moja kwenye foleni ya mashine alisema kwa utani, "Shemeji yangu siku hizi ana jiko moja. Sisi wengine tunapikia kuku." Alicheka yeye, wakacheka na wenzake. Idrissa, mwenye mashine, alimwambia, "Yasinta, utani mwingine unasagika vibaya." Ulikuwa umeshasagika. Kabla ya Jumapili ilikuwa inasemwa kwamba Hezekia amemrithi Rahel kimyakimya, mzee wa kanisa, na Dorika amefungwa mdomo. Wengine walisema ni dawa, Rahel ameitia kwenye mtama.

Rahel alisikia. Jioni ya siku hiyo sahani yake haikuja.

Wanaume walikaa. Sahani ya Dorika ilikuja, ya mama yangu ikaja. Baba yangu alinawa. Hezekia hakunawa. Alikuwa ameegemeza mguu wake wenye bandeji juu ya gogo, anautazama mlango wa Rahel, nao umefungwa. Ndugu mmoja wa ukoo, miongoni mwa wale wa siku ile, alikuwa amepita kusalimia, na alikaa kwa utulivu wa mtu anayesubiri zamu yake ifike.

"Kula, kaka," baba yangu alisema. "Umeshameza dawa."

"Nasubiri."

"Unasubiri nini?"

"Nasubiri chakula cha nyumba ya Zefania."

Dorika alikuwa mlangoni kwake, akasikia. Alivuka uwanja mbele ya wanaume wote, jambo ambalo mwanamke wa kwetu halifanyi watu wakiwa wamekaa kula, akausukuma mlango wa Rahel. Alimkuta amekaa sakafuni kando ya ugali uliokwisha kusongwa na kufunikwa, amejikunyata.

"Inuka."

"Dada, niache. Wanasema nimekuchukulia mume."

"Nimesikia. Ugali unapoa."

"Siwezi kupita pale. Wananiangalia."

"Basi waniangalie mimi."

Akaibeba sahani yeye mwenyewe. Alitoka nayo, akaenda polepole katikati ya uwanja, akapiga goti, akaiweka mbele ya mumewe. Kisha akasema, si kwa sauti kubwa, lakini alihakikisha yule ndugu anasikia:

"Baba, chakula cha nyumba ya Zefania hiki. Mwenye kupika yupo, anajisikia vibaya kidogo. Mimi mkeo ndiye nimekuletea."

Hezekia alinawa. Akapiga ngumi juu ya mtama, likabaki shimo. Dorika aliendelea kupiga goti pale mpaka alipomaliza. Yule ndugu aliaga kabla ya kunawa. Mama yangu, aliyekuwa amesimama jikoni kwetu akiona yote, alikaa chini na kujifunika khanga kichwani. Hakutania tena kuhusu jambo lile. Ameshapita kwa Rahel mara nyingi tangu hapo kuomba radhi, na Rahel humpa mbegu za mboga, humwambia yamekwisha.

Mguu ulikatwa chini ya goti katika hospitali ya mkoa. Hezekia alirudi na magongo na akaendelea kukaa pale uwanjani, akipokea sahani ile moja. Nilipomtembelea alinionyesha ngumi yake. Ilikuwa imepungua, mifupa ilikuwa inaonekana. "Tazama, mwalimu," aliniambia. "Sasa hata Saada angeikubali bila kuipunguza." Alicheka, na mimi nikacheka, kisha nikaenda nyuma ya nyumba.

Figo zilikuwa zimeshachoka katika ile miaka ya sahani tatu, kabla na baada ya kupimwa. Alifariki mwanzoni mwa mavuno, alizeti ikiwa imeinamisha vichwa, bado haijakatwa. Watu wa Mgori walikuja, watu wa Mitundu walikuja, Saada alikuja na kukaa na wanawake akimenya vitunguu kama mtoto wa nyumba. Mawe ya kaburi yalipasuliwa na vijana ambao yeye ndiye aliyewafundisha.

Matanga yakaisha. Wageni wakaondoka, isipokuwa ndugu wachache wa ukoo, ambao walikuwa na sababu za kubaki. Jioni ilifika. Baba yangu alitoa kigoda chake akakaa peke yake katika uwanja wa wanaume watatu. Nilimwona anatazama milango. Saada alikuwa amempima naye wakati wa msiba, akamwambia sukari yake nayo iko ukingoni, ajihadhari. Sasa kulikuwa na wajane wawili na mke mmoja, na tumbo moja la kuwatetea. Alikuwa ameinamisha kichwa kama ile jioni ya zamani.

Mama mkubwa Dorika na mama Rahel walitoka pamoja katika jiko moja. Mama yangu alifuata nyuma na bakuli la mboga. Walikuwa na sahani moja, kubwa, na Dorika na Rahel walikuwa wameishika pande mbili.

Waliiweka chini. Ugali ulikuwa na rangi ambayo sikuwahi kuiona hapo nyumbani, si wa uwele wala wa mtama wala wa sembe.

Baba yangu aliutazama. "Huu ni wa nani?"

"Unga wa mashamba matatu," Dorika alisema. "Moto wangu, mwiko wa Rahel, mboga ya Yasinta. Nyumba zote zimo. Ukila hapa umekula kwa wote."

Ndugu wa ukoo walitazamana. Sahani ilikuwa imefika uwanjani, na kila mwenye nyumba alikuwa ameileta.

Baba alinawa. Alinyoosha mkono, akaukunja, akashindilia ngumi yake ndogo katikati ya ugali. Alipoutoa likabaki shimo, nasi sote tulilitazama, kwa sababu lilikuwa dogo sana kuliko lile tulilolizoea.

Rahel alianza kulia. Dorika hakulia. Alikaa chini palepale, karibu na kigoda cha mumewe kilichokuwa wazi, akaweka kiganja chake juu yake.

"Chungu kimoja," alisema. "Kumbe tangu zamani kilihitajika chungu kimoja tu."

Baba alimega, akala.